Shavu la Kijani

Katika mji ule hakukuwa na mtaa ambako Fundi Buluu hakuwahi kuegemeza ngazi yake. Kibao cha duka la dawa, cha kinyozi, cha bucha, cha shule ya chekechea, cha karakana ya pikipiki, vyote vilipita mkononi mwake. Ukimpa neno, alikuandikia herufi zikasimama wima, hakuna iliyolegea, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Ukimpa methali aliiandika pia, isipokuwa moja aliyoikataa katakata maisha yake yote: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. "Hiyo," alikuwa akisema huku akifuta brashi, "ni methali ya watu wasiotaka kulipia kibao."

Jina la Buluu alibandikwa na wateja. Ukimwachia achague mwenyewe, basi ujue duka lako litakuwa la buluu, mlango wa buluu, na hata picha ya mkate itazungukwa na buluu. Watu walidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini kilichokuwepo zaidi ni hofu. Buluu aliiona vizuri. Njano aliiona. Nyeupe na nyeusi usiseme. Ila nyekundu, kijani na kahawia kwake zilikuwa rangi moja iliyokolea kidogo au iliyofifia kidogo, na hakuweza kuapa ipi ni ipi. Alizaliwa hivyo. Akiwa shuleni alichora ng'ombe wa kijani juu ya majani mekundu, mwalimu akaona anafanyiwa dhihaka, akamchapa. Tangu siku hiyo akajifunza kufunga mdomo.

Sasa utauliza, mtu asiyeijua nyekundu ataishije kwa kazi ya rangi mpaka mvi zimjae kichwani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu alikuwa mkewe.

Walikutana dukani. Yeye, wakati huo msichana, alikuwa akiuza misumari, saruji na rangi, na mara kwa mara alimwona kijana mmoja akija kununua kopo la nyekundu huku akizungukazunguka. "Hii ni nyekundu ya kweli hii? Mbona kama haijawa nyekundu sana?" Alimvumilia kwa muda. Siku moja akamwekea kopo la kijani, akalifungua, akamwuliza, "Na hii je, nyekundu yake imekupendeza?" Kijana akaitazama, akainusa, akajibu kwamba hiyo ndiyo hasa. Msichana hakucheka. Alirudisha kifuniko, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, wewe nyekundu huioni." Kijana akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Hazikupita siku nyingi akapeleka posa. Wenye utani wangejua wangesema alioa ili siri isitoke dukani.

Tangu hapo wakawa wanatoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Yeye alipanda ngazi, mkewe akakaa chini penye sanduku la makopo. Na kwa sababu mteja hupenda kusimama nyuma ya fundi na kusikiliza, walijitungia lugha ya jikoni. Nyekundu iliitwa pilipili. Kijani, mchicha. Kahawia, chai. Nyeupe, maziwa. "Nipe pilipili," Fundi aliagiza kutoka juu, na mkewe akachovya akampandishia. "Mchicha umekolea, ongeza maziwa." Wapita njia walisema wale wawili wana njaa ya kudumu, na mwenye duka mmoja mwenye huruma aliwahi kuwaletea sahani nzima ya wali. Waliula wote na hawakumweleza kitu.

Mkewe alimwita Fundi, hata wakiwa nyumbani. Yeye alimwita Mwenzangu. Watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda kwao, na hata hao hawakuijua siri hiyo.

Miaka ya karibuni kazi ilipungua. Vibao vilianza kutoka kwenye mashine. Unaagiza, unageuka, kimeshachapwa, na picha ya nyanya juu yake inang'aa kuliko nyanya. Kwa hiyo walipoitwa kwenye hospitali ya macho ya watoto, kwenye jengo jipya ambalo kuta zake zilikuwa bado zinanuka saruji, Fundi alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alifurahi kwa sababu kuta zilikuwa nyingi. Aliogopa kwa sababu nyumba nzima ilijaa watu ambao kazi yao ni kujua nani anaona nini. Kulikuwa na chumba kimoja ambamo daktari alikuwa na kitabu cha madoadoa ya rangi, unaambiwa usome namba iliyojificha ndani ya madoa. Fundi alikiona kupitia dirisha. Kuanzia hapo kila alipopita mlango ule alipita haraka, uso kaugeuzia ukutani.

Msimamizi wa jengo alikuwa muuguzi mfupi, msemaji, mwenye funguo zinazolia kiunoni, na kila mtu alimwita Sista. Hakuwakalisha ofisini. Aliwapeleka moja kwa moja nyuma, kwenye ua ambako watu wa jikoni walipepetea nafaka. Vijindege vya buluu, vidogo kuliko kiganja, vilikuwa vinadonoa chenga karibu na bomba.

"Mnawajua hawa?"

"Mishigi," mkewe Fundi akajibu. "Nimekua nao, Sista. Walikuwa wanajenga kiota karibu na nyigu makusudi, ili sisi watoto tusiwaguse. Nilikuwa nalala kifudifudi kisimani nawatazama mpaka mama ananifuata na fimbo."

"Basi unajua kwamba ni aina mbili."

"Aina mbili, ndiyo. Ndugu kabisa, lakini kila mmoja huoa kwao."

Sista alipiga makofi kwa furaha. Akaeleza anachotaka. Mwisho wa korido kulikuwa na vyumba viwili vinavyotazamana. Chumba kimoja kilikuwa cha watoto wanaosubiri kupasuliwa, cha pili cha waliokwisha kupasuliwa. Kila mtoto anapoingia hospitalini, Sista humsimamisha na kumwonyesha picha mbili za karatasi za ndege hawa, zilizochakaa kwa kushikwashikwa, na kumwuliza swali moja tu: wana tofauti gani? Wengi hujibu hawana tofauti. Wengine husema wanaona mawingu mawili. Mtoto akishapasuliwa na bandeji kutolewa, humrudishia picha zile zile na swali lile lile.

"Simba na twiga sitaki," alisema. "Hao hata mwenye usingizi atawatofautisha. Nataka hawa, kwa sababu wanafanana. Mtoto akinionyesha tofauti yao, mimi naenda kulala kwa amani. Nataka muwachore wakubwa, mmoja mlango huu, mmoja mlango ule. Milango ikinipendeza, jengo zima ni lenu. Korido, wodi, hata ukuta wa nje." Kisha akamgeukia Fundi, akashika kiuno. "Haya, nawe fundi. Tofauti yao ni nini?"

Fundi akainama. Akatazama. Ukweli ni kwamba aliwaona vizuri sana. Mmoja alikuwa buluu kuanzia kifuani, usoni, utosini hadi kisogoni. Mwingine buluu yake iliishia juu ya jicho, na kuanzia hapo kichwa kilikuwa cha rangi ile asiyoijua, na shavuni kulikuwa na doa.

"Huyu amevaa kofia ya buluu," akasema. "Yule hana kofia."

"Eeh. Na nini tena?"

Doa Fundi aliliona, ila angeliitaje?

"Na shavu jekundu," mkewe akadakia. "Dume tu. Jike lake halina."

"Mama, wewe una macho," Sista alisema, na Fundi akapumua. Alishukuru mno hata hakugundua kwamba wakati mkewe akisema hayo, uso wake ulikuwa umeelekea jikoni, na ndege walikuwa kwenye bomba.

Hilo alilikumbuka baadaye, pamoja na mengine. Alikumbuka kwamba mkewe alikuwa amehamishia kazi ya kutunga uzi kwenye sindano kwa mtoto wa jirani. Kwamba alilalamika taa za siku hizi hazina mwanga. Kwamba alikuwa akimimina chai mpaka inafurika kwenye kisahani, halafu anacheka na kusema uzee una mambo yake. Fundi naye alikuwa akicheka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alihitaji kuambiwa, na hakuna aliyemwambia.

Mlango wa kofia ya buluu ulikuwa raha tupu. Alimchora ndege mkubwa, urefu wake kutoka kitasani hadi juu ya fremu, ameshika unyasi mdomoni kama afanyavyo dume akitaka kuchumbia. Kila aliyepita alisimama. Wapishi walikuja na miko yao mkononi. Wakati huo mkewe alikaa kwenye kigoda chake, akimpa buluu juu ya buluu, na buluu Fundi angeichagua hata mwenyewe.

Siku ya mlango wa pili, mkewe aliamka akilalamika mgongo. Fundi akamhurumia. Akampakia sanduku yeye mwenyewe, na kwa akili zake nzuri akalipanga upya: makopo makubwa chini, madogo pembeni, mazito upande wa mpini, chai tu ikabaki pale pale katikati. Hakumwambia, maana aliona ni jambo dogo. Miaka yote pilipili ilikaa pembe ya kushoto na mchicha pembe ya kulia, na mkono wa mkewe uliijua njia.

Walipokaribia kumaliza, jua lilikuwa linazama. Korido ilikuwa haijawekwa taa. Ndege wa pili alikuwa tayari amekamilika, kichwa chai, kifua buluu, bado shavu tu.

"Pilipili, Mwenzangu."

Akasikia vidole vya mkewe vikitembea juu ya vifuniko, polepole kuliko kawaida.

"Pilipili hii hapa."

Fundi alichovya. Akaliweka doa mahali pake, chini ya jicho na nyuma kidogo, akalilainisha kingo kwa brashi kavu ili lionekane la manyoya. Akarudi nyuma hatua chache kulitazama. Lilikaa.

"Limekaa?" akauliza, kama alivyouliza kila siku ya maisha yao.

"Limekaa vizuri sana," mkewe akajibu.

Wakafunika milango yote miwili kwa shuka, maana Sista alitaka watoto waione kwa pamoja asubuhi.

Asubuhi watoto waliletwa wakiwa wameshikana nguo. Kati yao alikuwepo msichana mdogo ambaye wauguzi walimpa jina la Maswali, na nadhani sina haja ya kueleza kwa nini. Alikuwa ametolewa bandeji juzi yake, na tangu hapo hakuna kitu alichokiacha kipite bila kukihoji, kuanzia vifungo vya daktari hadi sisimizi wa dirishani. Sista akavuta shuka ya kwanza, watoto wakapiga kelele. Akavuta ya pili. Maswali akasogea, akanyoosha shingo.

"Sista," akasema, "mbona huyu ndege amejipaka mchicha?"

Watoto wakaangua kicheko. Sista akainama, akakunja uso. Lakini Fundi hakuwasikia. Neno lile alilijua. Halikuwa la mtoto yule, lilikuwa la nyumbani kwake. Akalitazama shavu, na kwake lilikuwa lile lile doa la jana, jema, limetulia. Akageuka kwa mkewe aliyekuwa amesimama nyuma yake na sanduku.

"Mwenzangu. Pale shavuni pana nini?"

"Pilipili," mkewe akajibu bila kusita. Alikuwa anatazama fremu ya mlango.

Jua la asubuhi lilikuwa limeingia kupitia dirisha la mwisho wa korido na kumpiga usoni, naye hakufumba macho. Ndani ya mboni zake, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe wa maji ya mchele. Weupe Fundi aliuona vizuri, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Miaka yote amemwuliza mkewe yale asiyoyaona mwenyewe, na hakuwahi kuyatazama macho ya mkewe.

Nasema ukweli, alikasirika kwanza kabla ya kuhuzunika. Alitaka kumfokea pale pale, mbele ya watoto. Badala yake akamgeukia Sista, na maneno aliyoyaficha tangu siku ya ng'ombe wa kijani yakamtoka yote.

"Sista, kosa si la mtoto wala la ndege. Mimi nyekundu siioni. Sijawahi kuiona. Kijani siioni. Huyu ndiye aliyekuwa ananionea, na nadhani sasa haoni naye. Kazi mpe mwingine. Lakini naomba umwite daktari amtazame."

Mkewe aliweka sanduku chini taratibu, akitafuta sakafu kwa mguu.

"Fundi," alisema, "umetutia aibu."

"Acha nitie."

Sista hakusema neno juu ya kazi. Alimshika mama huyo mkono, akamwuliza kama anaona vidole vyake ni vingapi. "Mimi si mtoto, Sista," mama alijibu kwa hasira, kisha akaanza kulia, na hapo kila mtu akajua jibu.

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wakigombana kwa sauti ya chini, kama wanavyogombana watu waliozoeana.

"Tangu lini?"

"Tangu ule mwaka wa kibao cha kinyozi."

"Na hukusema!"

"Ningekwambia, ungeshuka ngazini usipande tena. Nakujua. Nikajisemea, makopo nayajua yalipo, yatanitosha mpaka tumalize jengo hili."

"Na mimi nikayapanga upya."

"Ulipanga upya?" Mama aligeuza uso kule alikosikia sauti yake. "Nani alikutuma?"

"Mgongo wako."

Hapo mama akacheka, machozi bado yapo mashavuni, na Fundi akacheka naye, na muuguzi aliyekuwa anapita akadhani wamepewa habari njema.

Na kweli zilikuwa zinakuja. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba jengo la watu wazima lililoko ng'ambo ya ua hufanya upasuaji wa namna hiyo kila wiki. Wangeanza na jicho lililo baya zaidi. Mama akauliza swali moja tu. "Rangi zitarudi, daktari?" Daktari akasema zitarudi mpaka ashangae. Mficha maradhi, alisema Sista kwa ukali akiwa mlangoni, kifo humuumbua, na nyinyi wawili mna bahati mmeumbuliwa na mtoto.

Kisha akamvuta Fundi pembeni. "Milango bado ni yako. Lifute hilo shavu, ulirudie. Mama akitoka nitamsimamisha katikati nimwulize swali langu. Akijibu, jengo ni lenu wawili. Asipojibu, nitaita wenye mashine, maana mimi nataka mtu wa kuniambia kama rangi ni sahihi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

Siku mkewe alipoingizwa chumba cha upasuaji, Fundi hakuweza kukaa kwenye benchi. Alichukua msasa, akaenda kulikwangua lile shavu. Alikwangua hadi rangi ya chini ikatokea, vumbi likimjaa kwenye nyusi, na kila mlango ulipogongwa mahali popote alishtuka. Halafu akafungua sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akawa peke yake mbele ya makopo.

"Unatafuta nini?" Ni Maswali. Alikuwa amejikalia juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nyekundu."

"Si hiyo hapo?"

"Ipi?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao, kisha akashuka kwenye ndoo na kuanza kazi. Hiyo mchicha. Hiyo ya udongo. Hiyo ndiyo, ya damu. "Hii sisi tunaiita pilipili," Fundi akamfundisha, na kufikia adhuhuri wodi nzima ilikuwa imejua lugha ya jikoni. Watoto waliopasuliwa walisimama nyuma ya ngazi wakipiga kelele, pilipili, ongeza pilipili, chai imezidi, na wale waliokuwa bado wanasubiri walipinga tu ili wasiachwe nyuma. Mpishi alikuja kuuliza kama chakula cha jana hakikutosha.

"Kwani wewe hujapasuliwa?" Maswali akauliza.

"Macho yangu hayapasuliwi. Ndivyo yalivyo."

"Pole."

"Nimeshapoa."

"Sasa ukimtazama huyu ndege unaona nini?"

Fundi alisimamisha brashi. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo, hata mkewe. "Naona doa," alisema, "limekaa mahali pake. Kofia naiona vizuri. Na unyasi alioushika, naona unavyopinda." Mtoto akafikiri, akasema hiyo si mbaya, na akarudi kwenye ndoo yake. Mchana ule Fundi alimaliza shavu, na kwa sababu mkono ulikuwa na moto akaigusia na midomo ya ndege wote wawili, kwa brashi ile ile, bila kuuliza.

Mkewe alipasuliwa jicho la kwanza, likapona, likafuata la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa, aliletwa kupitia uani akiwa ameshikwa mkono na Sista. Alisimama kwenye bomba. Mishigi walikuwa pale, wanadonoa. Alisimama muda mrefu mpaka Sista akamvuta.

Fundi alikuwa anamngoja koridoni. Alikuwa amevaa shati safi. Mkewe alimkaribia, akamtazama paji la uso, akamtazama mvi, akamgusa shavu.

"Kumbe umezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia."

"Ungeuliza."

"Na shati hili nani kakuchagulia, na suruali hii?"

"Nimejichagulia."

"Inaonekana."

Watoto walikuwa wamejipanga ukutani, maana walijua swali linakuja. Sista alimsimamisha mama katikati ya milango miwili, akasogea pembeni, funguo zake zikatulia. "Mama, swali langu unalijua. Hawa ndege wana tofauti gani?"

Kazi Fundi aliitaka, asikudanganye mtu. Lakini wakati ule aliitaka sauti ya mkewe zaidi, ile sauti ya zamani iliyokuwa ikitoka chini ya ngazi bila kusita.

Mama hakuharakisha. Alikwenda kwenye mlango wa kulia, akarudi. Akaenda wa kushoto, akarudi.

"Huyu ana kofia, buluu mpaka kisogoni," alisema. "Huyu hana. Kichwa chake chai."

"Na shavu?" Sista akauliza.

Mama akainama, akalitazama shavu kwa karibu.

"Pilipili," alisema. "Pilipili kabisa."

Watoto wakalipuka kwa vifijo. Maswali akaruka juu ya ndoo. Sista alikuwa ameshafungua mikono kumkumbatia, lakini mama aliinua kidole.

"Sijamaliza. Midomo imefanana."

"Midomo?"

"Midomo, ndiyo. Huyu wa kofia mdomo wake huwa unang'aa, pilipili na maziwa. Huyu wa shavu mdomo wake umefifia, na nchani mweusimweusi. Nimetoka kuwaona sasa hivi pale bombani, na nimewaona utoto wangu wote." Akamgeukia mumewe. "Fundi, umempa huyu mdomo wa ndugu yake."

Sista alimtazama ndege, akamtazama mama, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hilo," alisema, "sijawahi kumwuliza mtoto yeyote. Mama, jengo ni lenu."

Fundi alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Katika kazi yake yote watu walimsifu, wengine walimlipa, wengine walimkimbia, lakini hajawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Ndiyo kwanza nimeanza."

Alijikunja chini penye sanduku. Hakupapasa vifuniko. Alitazama tu, mara moja, akaokota makopo matatu kutoka sehemu tatu ambako mumewe aliyapanga vibaya, akaanza kuyafungua kwa ncha ya bisibisi.

"Twendeni basi niwaonyeshe wodi," Sista akasema. "Kuta zinawangoja."

"Zingoje," mama akajibu, na kumpandishia mumewe brashi. "Kwanza mdomo."